Ukoko wa Sufuria

Machimboni, 6 Juni

Dada yangu,

Nimefika. Mikono miwili, miguu miwili, meno yote yapo, nimeyahesabu kwa ulimi leo asubuhi. Mwandiko usikushtue, naandikia juu ya beleshi. Simu wanazichukua getini, eti milio yake inaangusha kingo za mashimo. Basi tumerudi enzi za barua, na posta yetu ni Dereva wa lori la maji. Anapita kila baada ya siku tatu nne, haongei, anatafuna kijiti tu kama mbuzi aliyestaafu. Nimempenda.

Mpango wetu umekubali. Ile barua ya kuomba kazi uliyoniandikia imewaingia vizuri mno. Msimamizi alinijua kabla sijafungua mdomo. Akasema ndiye wewe Kasuku, mdogo wake Nondo, uliyefundishwa mapishi yote na kaka yako. Nikamwambia ndiye mimi, hata usingizini napika. Nikakabidhiwa palepale sufuria ya Nondo, kubwa kama beseni la kuogea, ukoko umeganda chini unene wa vidole viwili. Siku ya kwanza, tarehe 2, niliunguza. Sufuria nzima ikawa nyeusi tii. Sasa nimezoea.

Huyo Msimamizi tunamwita Shemeji, kwa sababu yeye kila mtu anamwita shemeji. Anachekacheka kama kinyozi asiye na wateja. Juzi mchimbaji mmoja alificha jiwe shavuni. Shemeji akamwomba kwa upole kabisa afungue mdomo, jamaa akafungua, akaingiziwa mpini wa sururu. Yalitoka meno matatu na jiwe moja. Shemeji akaokota jiwe, akamwachia meno yake. Mwadilifu sana, hachukui cha mtu.

Habari za Nondo nilimuuliza siku ileile. Kajibu neno kwa neno kama alivyokuandikia wewe: ametoroka na mwanamke mwanzoni mwa mwezi wa nne, na sufuria yake haijaguswa tangu hapo. Dada, hapa hakuna mwanamke hata mmoja. Niliyemwona mimi amechorwa kwenye pakiti ya sabuni. Kama Nondo ametoroka na huyo, tumtafute kwenye ndoo ya kufulia.

Lakini usijali. Nitamtafuta, nitampata, na nitarudi naye nikimvuta sikio. Nakuahidi.

Mdogo wako,
Kasuku

*

Nyumbani, 11 Juni

Kasuku,

Barua yako imenichekesha, halafu nimeisoma tena sikucheka. Yule wa meno amepata dawa? Na wewe ukae mbali na mpini wa mtu.

Siamini kwamba kuna watu wazima wanakula ulichopika. Tangu nikufahamu hujawahi hata kuchemsha maji yakakubali. Nilipokuwa naandika ile barua ya kazi, na wewe umeniinamia begani unasema "andika kwamba Nondo amenifundisha kila kitu, andika kwamba naweza kushika nafasi yake kesho", nilijua unadanganya, nikaandika. Usije ukawaua watu kwa tumbo. Kuunguza siku ya kwanza hata sishangai.

Mama nimemwambia umeenda kujifunza ushonaji. Amesema hatimaye. Usiniangushe.

Huku kazini, kwenye chumba cha mawe cha chuo, tuko salama. Mwalimu siku hizi ameniachia meza nzima. Miaka sita iliyopita nilikuwa nafagia chumba hiki, leo nasugua mawe yake kwa msasa wa maji mpaka yanaonekana ndani. Wiki hii tumepata kipande cha kaharabu kina jani dogo la mti jamii ya misonobari, limekaa kama limedondoka jana. Nilimuuliza Mwalimu kwa nini miti ya zamani ilitoa utomvu mwingi hivyo, mpaka ukajaa ardhini na kugeuka jiwe. Akasema mti mzima hautoi sana. Unatoa ukiumizwa. Wadudu wanautoboa, moto unaubabua, upepo unauvunja tawi, ndipo unajaza kidonda kwa utomvu. Palipo na kaharabu nyingi pana msitu uliopigwa sana. Hata kwenye yale matabaka ya chini huko kwenu anasema pana masizi ya moto, umri wa mamilioni ya miaka, na chumvi ya bahari iliyopanda ikaua mizizi.

Nondo alikuwa ananiletea majani ya kale yaliyogeuka jiwe kutoka huko, ameyafunga kwenye gazeti kama mayai. La mwisho lilikuja mwezi wa tatu. Mtu anayefunga jani namna ile hatoroki bila kuaga.

Mtafute polepole. Usiulize watu wengi.

Dada

*

Machimboni, 19 Juni

Dada mpenzi, mtaalamu wa mawe,

Nimekuletea zawadi. Ipo ndani ya soksi, soksi imefuliwa, usinuse kwa dharau.

Hiyo ni kaharabu halisi. Nimeingia mwenyewe shimoni mpaka chini kabisa, kwenye lile tope jeusi lililogeuka jiwe, pumzi imeniisha, taa imezimika, nikapapasa nikaigusa. Ni kama kipande cha keki, ona ilivyo na mistari mistari. Mpe Mwalimu, mwambie ni mdogo wako. Labda na mimi nitapewa meza.

Habari za huku ni kawaida. Jumatano wachimbaji wa upande wa pili walivamia mashimo yetu saa sita mchana, sururu mkononi, wanadai tumechimba chini kwa chini tukatokea kwao. Kweli tulitokea kwao. Jamaa mmoja alipigwa sururu ya paja ikanasa, akawa anatembea nayo huku na huku akiuliza ni ya nani. Walinzi wa Shemeji walikuja na nyaya za umeme, wakapiga wa huku na wa kule bila ubaguzi. Mimi nilijificha nyuma ya sufuria. Sasa hivi nalala upande mmoja tu, lakini hilo ni kosa la godoro.

Nondo bado. Nimeuliza polepole kama ulivyosema. Mtu ukimtajia Nondo anakumbuka ghafla kwamba ana kazi. Hata Dereva. Nilimuuliza, kijiti kikamdondoka mdomoni, akapanda lori akaondoka na maji hajamaliza kushusha.

Msalimie Mama. Mwambie nimeshashona mfuko.

Kasuku

*

Nyumbani, 26 Juni

Kasuku,

Nimeichukua keki yako nikaiweka mezani kwa Mwalimu mbele ya wanafunzi wake wanne. Nikasema ni mdogo wangu, kama ulivyoniagiza.

Mwalimu alifungua droo akatoa dawa ya kutoa rangi ya kucha, ile ile tunayopaka sisi, akadondosha tone moja. Kaharabu ya kweli ukiidondoshea dawa hiyo haijali, imeshakuwa jiwe. Hii yako ililainika ikanata kidoleni kama peremende. Akasema hii ni sandarusi, utomvu mchanga wa juu juu, haujafikisha hata umri wa kuitwa wa kale. Halafu akainusa akasema, "Na imepikwa."

Wanafunzi wakacheka. Mimi nilisimama pale nikiwa na soksi yako mkononi.

Mpishi. Miaka miwili Nondo aliniambia yeye ni mpishi machimboni, na mimi nikimwazia amefunga aproni anagawa chakula. Wewe ukaniandikisha barua kwamba umefundishwa mapishi. Wote wawili mkinitazama usoni. Mnayeyusha sandarusi, mnatumbukiza wadudu, mnawauzia watu kama kaharabu. Mimi nasugua mawe ya kweli mpaka vidole vinachubuka, ndugu zangu wanapika ya uongo.

Nikitulia nitakutukana vizuri zaidi. Leo nataka unijibu mambo manne, na ujibu bila utani.

Kipande hiki umekivunja wapi?

Sufuria ikiwa haina kazi, inafunikwa au inaachwa wazi?

Ile tarehe 2 uliyounguza, ndiyo ilikuwa mara yako ya kwanza kabisa kupika humo?

Na la mwisho. Tulipoezeka paa la jikoni, Nondo akajipiga nyundo ukucha wa gumba. Ilikuwa mkono gani?

Tena Mama anaumwa. Panda lori la maji urudi mara moja, majibu utanipa ukiwa hapa.

Dada

*

Machimboni, 1 Julai

Dada,

Nimetukanika tayari, huna haja ya kutulia.

Ni kweli, tunapika. Nondo alinifundisha likizo iliyopita nyuma ya nyumba, kwa kopo la rangi na mishumaa, siku ile ulipotuuliza mnachoma nini tukasema panya. Yeye alikuwa haipendi kazi hiyo. Alisema kila akikuletea jani la kweli anahisi kama amekwenda kuungama. Mimi sikuhisi kitu, mimi niliona ni ufundi. Hapo unaiona tofauti yetu.

Mama haumwi. Dereva alipita nyumbani kuchukua barua, anasema amefukuzwa na ufagio kwa kukanyaga nguo zilizoanikwa, akakimbizwa mpaka barabarani. Mgonjwa huyo mwache hivyohivyo, asipone.

Majibu yako. Keki niliivunja kwenye ukoko wa sufuria, chini kabisa, kwa patasi. Niliona una rangi nzuri ya asali na ile mistari, nikasema huu hata Mwalimu ataingia. Kila upishi unaacha utando wake chini, unalala juu ya wa jana. Ule mstari mweusi karibu na juu ndio wangu wa tarehe 2. Mara yangu ya kwanza kabisa. Juu yake ni za kwangu zote, zinazidi kupendeza, utakubali.

Sufuria haifunikwi. Kila siku ya mapumziko inajaa vumbi la mashimo, kesho yake tunapika juu ya vumbi hivyohivyo. Zile nyuzi za kijivu kwenye keki ndizo hizo, siku za mapumziko.

Ukucha ni gumba la kulia. Unakumbuka ulivyopasuka katikati kama mdomo wa samaki na ule weusi haukutoka tena. Alikuwa anajikunia nao mgongo.

Umesema bila utani, nimejitahidi. Sasa na wewe bila utani: umeona nini kwenye ukoko wangu?

Kosa la godoro lilikuwa uongo pia. Ni mbavu mbili. Zinaendelea vizuri.

Kasuku

*

Nyumbani, 6 Julai

Mdogo wangu,

Kaa chini kwanza. Kama unasoma karibu na watu, ondoka hapo.

Nilikuwa nasugua kile kipande ubavuni, ili wanafunzi wajifunze jinsi ya kutambua cha kupikwa. Chini ya mstari wako mweusi, kwenye utando unaofuata mara moja, niliona kitu nikadhani ni bawa la mende. Nikaongeza maji, nikabadilisha msasa. Ni ukucha wa gumba. Mzima, umetoka na ngozi yake. Umepasuka katikati na una weusi.

Sikukuambia kwa sababu nilitaka kwanza urudi. Nisamehe kwa kumlaza Mama kitandani.

Sikiliza mistari sasa, maana ndiyo inayonikosesha pumzi. Shemeji anasema Nondo aliondoka mwezi wa nne na sufuria haikuguswa mpaka ulipokuja wewe. Ingekuwa hivyo, chini ya mstari wako mweusi pangekuwa na vumbi la miezi miwili, nene kama blanketi. Mimi na Mwalimu tumetazama kwa kioo cha kukuzia. Hakuna hata chembe. Mweusi wako umekaa moja kwa moja juu ya utando wenye ukucha, na chini ya huo kuna nyuzi za kijivu, moja kila baada ya tando sita, wiki baada ya wiki. Nondo hakutoroka mwezi wa nne. Alikuwa anapika. Walimfungia akawa anapika, sisi tunaambiwa mwanamke.

Alipika mpaka siku moja kabla yako.

Nimebeba kipande nimekwenda polisi. Yule wa mezani alikigeuzageuza, akaniambia mama, ukucha si mtu, leta mtu. Mwalimu naye aliongea nao, wakamjibu hivyohivyo kwa heshima zaidi.

Kwa hiyo ni lazima apatikane. Na wewe uko huko, na mimi sitaki utafute, na hakuna mwingine. Nitakuambia jambo moja tu halafu nitajuta. Majani ya jiwe kwenye udongo wa huko yamelala. Yalidondoka kwenye maji yaliyotulia, moja juu ya jingine, kama kurasa za kitabu. Ukikata ukuta wa shimo utayaona yote yamelala. Ila palipochimbwa pakafukiwa, yanasimama ovyo, mengine wima, mengine yamekunjika, kama kitabu kilichochanwa kikarudishwa kwenye gunia. Hilo huwezi kulificha kwa kukanyagakanyaga juu.

Ukipaona, usiguse. Njoo utuambie. Usimkaribie Shemeji. Umenisikia? Usimkaribie.

Dada

*

Machimboni, 12 Julai

Dada,

Nimepaona. Shimo la sita, lile walilosema limejaa maji wakalifukia. Nilikwenda kujisaidia mara kumi na moja kwa siku mbili, mlinzi akaniuliza nimekula nini, nikamwambia chakula changu mwenyewe. Pembeni mvua imekata udongo. Majani yamesimama wima kama watu kwenye foleni.

Nimehesabu pia kitu ambacho wewe hukunihesabia, najua ni kwa makusudi. Nilimbana Dereva. Alilia, mtu mzima yule, kijiti mdomoni. Barua yetu ya kuomba kazi aliileta yeye, tarehe 31 Mei. Nondo alikuwa amefungiwa kwa sababu alisema anaondoka na atamwambia kila mtu yanayopikwa hapa. Hawakuweza kumfanya kitu, hakuna mwingine aliyejua kupika. Halafu ikaja karatasi inayosema mdogo wake amefundishwa kila kitu, anaweza kushika nafasi yake kesho.

Walimuua tarehe 1. Siku hiyo mimi nilikuwa njiani, nimekaa juu ya gunia, nawachekesha abiria.

Usiseme uliiandika wewe. Mkono ulikuwa wako, mdomo ulikuwa wangu. Ndiyo maana naitwa Kasuku.

Umesema nikipaona nisiguse, nije. Wakigundua mimi sipo watamhamisha, na polisi watachimba watoe majani. Nitachimba saa sita mchana, wote wanapokuwa kwenye mizani kupimisha mawe. Kidogo kidogo, siku nne au tano.

K.

*

Ofisi ya Machimbo, 18 Julai

Kwa Shemeji yangu mpendwa,

Nasikitika kukuarifu kwamba mdogo wako aitwaye Kasuku ametoroka kazini leo hii akiwa na mwanamke. Hakuaga na hatujui alikoelekea. Sufuria yake imebaki na haitaguswa.

Tafadhali mfikishie mama pole zetu.

Msimamizi

*

Nyumbani, 18 Julai, jioni

Kwako unayeita kila mtu shemeji,

Sijaolewa. Sina mume, wala hujaoa kwetu, tusiitane.

Barua yako nimeiweka kando ya ile ya Nondo. Ni maneno yaleyale, hata makosa ni yaleyale. Wanaume wangu wawili wametoroka na mwanamke mmoja, na huyo mwanamke hajawahi kukanyaga huko.

Nina ukoko wa sufuria yako. Umeandika tarehe zako zote na wewe hukujua. Mwalimu ameupiga picha, nakala zipo sehemu tatu.

Ningekuja na lori usiku huuhuu, Dereva amekataa kunipakia. Anasema anakwenda kwanza kuona mwenyewe. Kama umemgusa mdogo wangu, nitakuja kwa miguu.

Dada yao

*

Kituo cha polisi, 20 Julai

Dada,

Usishtuke, mwandiko huu ni wa mkono wa kushoto. Unaona unavyopanda mlima. Mwenye pikipiki atakuletea hii kabla yetu.

Barua ya Shemeji aliiandika asubuhi, akampa Dereva, mimi naye tulionana saa saba mchana. Mtu wa mipango. Alikuwa ameshanitorosha kwenye karatasi, kilichobaki ni kunitorosha mwili.

Nilikuwa nimechimba siku tano. Nilishaona mkanda wake, ule wenye bizimu ya chuma iliyochorwa farasi. Nikafukia juu nikarudi kupika, maana mizani ilikuwa karibu kwisha. Shemeji akaja na walinzi wawili, akanishika kiganja kama mtu anayetaka kunisalimia, na mimi mjinga nikanyoosha mkono. Akatazama kucha zangu, zimejaa udongo mweusi wa chini. Sandarusi haina udongo wa rangi hiyo.

Akasema, "Shemeji, kaka yako naye alisimama hapahapa. Yeye aliuliza njia ya kwenda nyumbani."

Akauzamisha mkono wangu kwenye sandarusi inayochemka mpaka kifundoni.

Dada, maji ya moto yanakuchoma yanaondoka. Hii inakaa. Nilipiga kelele mpaka nikasikia mashimo yanajibu. Nondo alikuwa na nguvu kunizidi lakini mpole, nadhani alishindana kuutoa mkono, ukatoka, ukucha ukabaki, wakammalizia na sururu. Utaona kichwani, nakuambia mapema ili usikutane nayo ghafla. Mimi si mpole. Mimi sikuutoa mkono. Niliipiga sufuria teke.

Ilimmwagikia kuanzia kiunoni. Walinzi walikimbia, mmoja kiatu kikiwaka. Shemeji alianguka, akaanza kuita watu. Shemeji, shemeji, njooni, shemeji. Na wakaja kweli, kutoka kwenye mizani, wengi, hawana haraka. Wa kwanza alikuwa yule wa meno matatu, sururu begani. Shemeji akamwambia nisaidie. Jamaa akamwomba afungue mdomo.

Sikutazama. Nilisikia moja, nikasikia ya pili, ya tatu sijui. Nilikuwa nimeshageuka nakwenda shimo la sita kumalizia kuchimba kwa mkono mmoja. Baadaye nikaona mabeleshi mengine yanachimba pembeni yangu.

Dereva alitukuta jana tumekaa na Nondo, yeye amefunikwa turubai, sisi watu kumi na wawili, mimi naongea. Nilikuwa namsimulia Nondo habari za soksi na keki. Barua yako kwa Shemeji nayo ilifika. Mwenyewe alikuwa ameshakufa, hana cha kusomea, lakini nilimsomea yote kwa sauti, mpaka pale pa kuja kwa miguu.

Hapa kituoni nimeandikisha kila kitu. Sandarusi, wadudu, barua yetu, teke. La sururu wameniuliza nani, nikasema nilikuwa nimegeuka, na nilikuwa nimegeuka. Huenda nikalala kwao siku nyingi, huenda wakaniachia leo, yule wa mezani hajaamua. Alipofunua turubai alivua kofia. Walitaka mtu. Nimewapa mtu.

Mama umwambie wewe. Mwambie pia sikujifunza ushonaji, asije akasikia kwa watu.

Nilikuahidi nitarudi naye nikimvuta sikio. Sikio la kulia lipo, nililishika njia nzima ili kichwa kisigonge bodi ya lori.

Majani mengine yamemgandia shati mgongoni, ya jiwe, yamejichapa kama mhuri. Usiruhusu mtu ayapanguse.

Na kazi moja nakuomba, ni ya meza yako. Gumba lake la kulia ni tupu. Chukua ile dawa ya kucha, usidondoshe tone, loweka kipande chote, kaa nacho mpaka kiyeyuke, umtolee ukucha wake polepole. Tumzike nao. Ingekuwa kaharabu ya kweli usingetoka tena. Angalau kwa hilo nashukuru kwamba tulikuwa waongo.

Tunakuja.

Wadogo zako wawili